Wananchi Wenye Hasira ni Nani?

Limezoeleka sana magazetini na vinywani mwa watu neno hili, kwamba mtu fulani ameuawa na wananchi wenye hasira. Twalisoma asubuhi, twalipita, twatafuta habari za mpira. Hakuna aulizaye wananchi hao ni nani, wakaa mtaa gani, jana yake walishinda wapi, na kesho yake walikwenda kazini au hawakwenda. Aliyeibiwa huandikwa jina lake. Mwizi huandikwa jina lake, kama lajulikana. Kamanda wa polisi aliyetoa habari huandikwa jina na cheo. Waliomwua peke yao hawana jina. Wao ni hasira tu, kana kwamba ni upepo wa kusi uliovuma ukaangusha mnazi.

Mimi nasema si upepo, ni watu. Hapa kwetu Kunduchi ni watu ninaowafahamu kwa sura na kwa sauti: wavuvi, wachuuzi wa samaki, mafundi uashi, waendesha pikipiki, mama lishe, vijana niliowafundisha kusoma, na, sharti niseme, watu ambao siku ya Jumapili twaketi nao benchi moja. Nia yangu si kuwatukana. Nataka warudishiwe majina yao, maana mtu asiye na jina hana dhambi, na asiye na dhambi hana sababu ya kuacha alifanyalo.

Asiyepata kuyaona mambo haya na asikie yaendavyo. Ni saa moja ya jioni, watu wanashuka garini Mtongani, mmoja apaza sauti, "Mwizi!" Wa pili hakuona kitu, lakini amesikia, naye apaza sauti. Wa tatu atoka dukani na mpini wa jembe. Watu wakifika mia, yule aliyeibiwa amekwisha kusahauliwa. Pengine yuko nyuma kabisa, hawezi hata kupenya. Nimeyaangalia haya kwa miaka, nami nimeona ya kuwa swali la kwanza la kila afikaye ni hili, "Ndiye huyu?" Haulizi, "Amefanya nini?" Akiisha kuambiwa kuwa ndiye, aokota jiwe. Siku moja nalijaribu kuwauliza waliokuwapo, mmoja mmoja, siku ya pili yake, yule kijana aliiba nini. Wengine wakasema simu, wengine wakasema kuku, mmoja akasema pikipiki, mwingine akaapa kwamba alikuwa Panya Road, na wengine wakacheka tu, wakaniambia, "Mwalimu, mwizi ni mwizi." Nao wote walikuwa wametupa mawe.

Kisha huja tairi, na petroli iliyotolewa katika tangi la pikipiki, na kiberiti. Kiberiti daima hutoka mfukoni mwa mtu, wala mtu huyo huwa hajulikani.

Nimechelewa kuandika juu ya jambo hili, kwa kuwa wengi wamekwisha kuliandika, na serikali imelikataza, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu chaliweka katika taarifa yake mwaka hata mwaka, kikihesabu waliouawa hivyo katika nchi kwa mamia. Hesabu hizo hazikutuzuia. Kilichonifanya nishike kalamu ni picha ya sinema, tena ya makauboi.

Msomaji asishangae. Watu wa pwani hii wanayo mapenzi ya siku nyingi na makauboi. Wazee wetu waliokwenda Drive-In, ile sinema ya magari iliyofunguliwa Msasani mwaka 1966, wanakumbuka farasi, kofia na bastola kuliko wanavyokumbuka masomo ya darasa la saba. Na katika vibanda vya video vya miaka ya nyuma, ambamo mtu husimama kando ya kioo akaeleza kwa Kiswahili chetu yasemwayo na Wazungu, hadithi iliyopendwa kupita zote ilikuwa hii: mtu ametendewa uovu, ameuawa nduguye au mkewe, naye apanda farasi awafuate wabaya wake mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Watu hupiga makofi. Kisha huenda zake jua likichwa, na muziki wapigwa. Hatuonyeshwi kaburi, hatuonyeshwi mjane wa yeyote kati ya wale waliouawa, wala hatuambiwi usiku ule alilala usingizi wa namna gani. Vijana wana neno lao, husema steringi hafi. Nadhani neno hilo limefanya kazi kubwa katika mioyo yetu kuliko tujuavyo. Kwa maana kila aokotaye jiwe Mtongani anajiona kuwa yeye ndiye steringi.

Basi vijana wa kwetu waliponiomba niwatafutie picha ya makauboi ya kutazama jioni ya likizo, nikawachagulia The Ox-Bow Incident. Ni picha ya zamani, ya mwaka 1943, haina rangi, nayo ni fupi, yapata saa moja na robo tu. Aliyeitengeneza ni William Wellman, kutoka katika kitabu cha Walter Van Tilburg Clark kilichotoka mwaka 1940. Aliyewekwa mbele ni Henry Fonda. Hadithi yenyewe ni ya jimbo la Nevada huko Marekani, mwaka 1885, nami nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi hawajaiona, na kwa kuwa kila hatua yake naliitambua.

Wanaume wa mji mdogo wamekaa kilabuni. Ng'ombe wao wameibiwa kwa muda, wana uchungu, na wezi hawajapatikana. Mara mtu aja mbio na habari: mwenzao mmoja, mfugaji aitwaye Kinkaid, amepigwa risasi ya kichwa, amekufa, na ng'ombe wamechukuliwa. Mkuu wa polisi wa mahali pale hayupo mjini. Hakimu awasihi wangoje, na mzee mmoja mwenye duka, jina lake Davies, awasihi wamkamate mtu wakimpata, wamlete ahukumiwe. Hawasikii. Msaidizi wa mkuu wa polisi, mtu mpumbavu apendaye ukubwa, awaapisha wote kuwa askari, jambo ambalo hana ruhusa nalo, na kwa kiapo hicho mioyo yao yatulia. Waona wamepewa sheria mfukoni.

Miongoni mwao yuko mmoja, Tetley, avaaye nguo za jeshi la vita vilivyokwisha zamani. Anaye mwana mpole asiyependa mambo haya. Amchukua kwa nguvu ili, kwa maneno ya baba mwenyewe, awe mwanamume. Wako pia wageni wawili, mmoja wao ndiye Henry Fonda. Hawa hawamjui Kinkaid wala hawana ugomvi na mtu. Wafuata kwa sababu moja, kwamba wao ni wageni, na mgeni asiyefuata atadhaniwa kuwa ni mwizi mwenzao. Niliposikia hayo nalitazama vijana wangu katika giza. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa. Hapa kwetu ukisema, "Jamani, mwacheni, apelekwe kituoni," neno la kwanza utakaloambiwa ni kwamba nawe ni mwenzake. Na jiwe la pili laweza kuwa lako.

Usiku wawakuta watu watatu wamelala penye moto: kijana mmoja mwenye mke na watoto, mzee ambaye akili zake zimechoka, na Mmeksiko mmoja. Tena wanao ushahidi dhidi yao, nao si mdogo. Ng'ombe wa Kinkaid wako nao. Kijana asema amewanunua, lakini hana hati. Kinkaid aliahidi kuituma baadaye. Bastola ya Kinkaid yaonekana kwa Mmeksiko. Asema ameiokota njiani. Nani angeamini? Mimi nilipoitazama mara ya kwanza sikuamini.

Wapewa muda mpaka alfajiri. Kijana aandika barua kwa mkewe. Mzee Davies aisoma, atoka nayo, ataka kuwasomea watu, akijua ya kuwa mwuaji hawezi kuandika barua kama ile. Wao wakataa, na mwenye barua naye akasirika, kwa kuwa hakuiandika ili iwe tamasha. Kulipokucha, wapiga kura: apingaye kunyonga asogee upande huu. Wasogea saba tu. Mmoja wa hao saba ni mzee mweusi aitwaye Sparks, mhubiri, ambaye alipokuwa mtoto alimwona ndugu yake mwenyewe akiuawa na watu namna ile ile. Saba hawatoshi. Wale watatu wapandishwa farasini chini ya mti, na kamba shingoni. Mwana wa Tetley aamriwa na babaye ampige farasi mmoja akimbie, hawezi, babaye ampiga yeye.

Warudi, na njiani wakutana na mkuu wa polisi. Kinkaid hakufa. Yu hai, anatibiwa, na waliompiga risasi wamekwisha kukamatwa. Mkuu wa polisi amwuliza mzee Davies ni nani aliyefanya tendo hili, naye ajibu kwamba ni wote ila saba. Tetley arudi nyumbani, ajifungia ndani, na mlio wa risasi wasikiwa. Waliobaki wamesimama kilabuni kwa safu, hakuna atazamaye mwenziwe. Henry Fonda aisoma ile barua kwa sauti. Wamechanga fedha kwa ajili ya mjane, zapata dola 500. Hapo ndipo picha inapokwisha, yeye na mwenziwe wakipanda farasi kuzipeleka.

Taa zilipowashwa kulikuwa kimya kidogo, kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa hasira, "Sasa Mwalimu, steringi yuko wapi?" Wengine wakamwunga mkono. Walijiona wamedanganywa: yule mtu mkubwa ambaye jina lake limeandikwa mbele hakuokoa mtu. Alisimama katika umati tangu mwanzo, alisema maneno machache, alipiga kura pamoja na wale saba, alishindwa, akatazama watu wasio na hatia wakifa, kisha akasoma barua. Nami naona swali la kijana yule ndilo swali bora lililoulizwa Kunduchi mwaka huu. Katika umati hakuna steringi. Wako waliotupa, wako waliotazama, na wako wachache waliosema hapana kwa sauti ndogo, wakiwa wamechelewa. Picha ile ilipotoka haikuleta fedha, na sababu yajulikana: watu hulipa ili waonyeshwe kisasi kikiwa kitamu.

Sasa nayajua majibu, maana nimeyasikia hata kwa wazee wenye heshima. Husema, "Mwalimu, wewe hujaibiwa." Husema polisi humpokea mwizi asubuhi, na jioni yuko kijiweni anakucheka. Husema kesi huahirishwa mpaka shahidi achoke nauli. Husema mwenye fedha hatoki mikono mitupu. Mambo haya sitayakana. Mvuvi wa hapa akiibiwa mashine ya boti, hakuibiwa kitu, ameibiwa bahari yote. Atakaa pwani miezi akitazama wenzake wakienda, na deni la mashine linaendelea. Mama lishe akinyang'anywa mkoba wa mauzo amenyang'anywa mtaji, na kesho watoto hawana unga. Uchungu wao ni wa haki. Anayehubiri upole bila kuutaja uchungu huo, na anyamaze.

Lakini nauliza, katika moto ule ni nini kilichorudi? Mashine ya boti haiuzwi barazani kama andazi. Ina uzito, ina namba, ina mnunuzi. Na mnunuzi huyo si kibaka, ni mtu mwenye stoo na mlango wa chuma, ajuaye kufuta namba. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kukupeleka mlangoni pake, nawe umemchoma. Kila mwizi aliyeuawa barabarani amekwenda na siri ya mnunuzi wake. Kama ningekuwa mnunuzi wa mali za wizi, ningelisimama Mtongani kila jioni nikiwagawia watu viberiti. Na tazameni ni nani wauawao: ni kijana wa simu, wa kuku, wa nguo zilizoanikwa. Mwizi mkubwa hauawi na umati, kwa kuwa hapiti kwa miguu.

Tena husema, kuua kwatisha wengine. Kama kungetisha, wizi ungalikwisha zamani, maana tumechoma watu tangu mimi sijaanza kufundisha. Mwizi ajuaye kwamba akikamatwa atachomwa haachi kuiba. Abeba panga, ili asikamatwe. Huyo ndiye tuliyemfundisha sisi. Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, mji huu ulitiwa hofu na makundi ya vijana walioitwa Panya Road, waliokuja wengi kwa pamoja na mapanga. Sisemi kwamba umati wetu ndio uliowazaa, ila nasema waliijua hesabu yetu ya wengi juu ya mmoja, wakaigeuza.

Yuko na mwingine aumiaye ambaye hatumhesabu. Dereva akimgonga mtoto barabarani, haki ni asimame, amwinue, amkimbize hospitali. Dereva wa kwetu hathubutu. Akisimama atauawa kabla hajafungua mlango. Basi akimbia na gari mpaka kituo cha polisi, na mtoto abaki chini. Dakika zile kumi ambazo zingemponya mtoto zimechukuliwa na hasira yetu. Sijui ni wangapi tuliowaua hivyo, nasi twalia msibani na kumlaani dereva.

Wako wasemao, "Sisi hatukosei. Twamkamata na kitu mkononi." Wale wa Nevada waliwakamata watu na ng'ombe na bastola. Lakini yale ni hadithi. Na tutazame jambo lililotukia kweli, si mbali na hapa. Mwezi wa Januari mwaka 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewachukua, walikamatwa Sinza wakidhaniwa kuwa majambazi walionyang'anya fedha. Walichukuliwa mpaka msitu wa Pande, ambao siku zile ulikuwa ndani ya wilaya yetu ya Kinondoni, wakauawa kwa risasi. Habari iliyotolewa kwanza ilisema wameuawa katika mapambano, nao ni majambazi hatari. Na watu wengi wa mji huu, nakumbuka vizuri, walifurahi wakasema afadhali. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa ichunguze, nayo ikaona kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Ndugu zao walikuwa wamewangoja Mahenge wakiamini wamekwenda kuuza madini. Kesi ilifunguliwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa waliobaki wote. Na mwaka 2016, miaka kumi tangu tendo lenyewe, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa.

Msomaji wangu, waliofanya jambo la Pande hawakuwa umati wa jioni. Walikuwa askari, watu waliofundishwa, wenye silaha za serikali, wenye redio, wenye daftari la kuandika na chumba cha kuhoji, nao wakaua watu wanne wasio na hatia. Wewe uliyetoka dukani na mpini wa jembe, uliyeuliza "Ndiye huyu?" ukajibiwa na mtu usiyemjua, una nini cha kukuhakikishia kuliko wao? Na wale waliosema "afadhali" mwaka ule 2006 hawajapata kusimama mahali wakasema walisema uongo juu ya maiti.

Nitaitaja na sheria, kwa ufupi, kwa kuwa wengi hudhani haimjui mtu akiwa katika kundi. Katiba yetu, katika ibara ya 13, hairuhusu mtu kuhesabiwa ana kosa kabla halijathibitishwa, na katika ibara ya 14 yataja haki ya kila mtu kuishi. Raia aweza kumkamata mwizi amwonaye akiiba, ila yampasa kumkabidhi kwa polisi pasipo kukawia. Mnyang'anyi wa kutumia silaha, akithibitishwa, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, hauawi. Kwa hiyo kijana wa simu hupewa na sisi adhabu kubwa kuliko aliyopewa na sheria yule aliyevunja nyumba ya watu kwa bunduki. Na watu wengi wakishirikiana kuua kwa nia moja, sheria haiulizi jiwe la nani lilimfikia. Wote ni wauaji, na mauaji ya kukusudia hukumu yake ni kunyongwa. Haya yameandikwa. Hayatendwi, kwa kuwa hakuna shahidi: mtaa mzima ulikuwapo na hakuna aliyeona.

Wamarekani wenyewe, ambao picha hii ni yao, waliyajua haya kwa damu. Chuo cha Tuskegee kiliweka hesabu ya watu waliouawa na umati katika nchi ile tangu mwaka 1882 hata 1968: ni 4,743, na kati yao 3,446 walikuwa watu weusi. Basi yule mzee Sparks katika picha hakuwekwa kwa bahati. Mwaka 1943 mambo hayo yalikuwa hayajakwisha. Wauaji wale walipigwa picha wakiwa wamesimama kando ya maiti, wakitabasamu, na picha nyingine zikatengenezwa kadi za posta. Hata hivyo hukumu za uchunguzi ziliandikwa mara kwa mara kwamba marehemu amekufa mikononi mwa watu wasiojulikana. Watu wasiojulikana! Naona ni ndugu wa karibu wa wananchi wenye hasira. Sheria ya nchi nzima ya kulifanya jambo hilo kuwa kosa lenye jina lake ilitiwa sahihi Machi mwaka 2022 tu. Twasema wao ni wabaguzi, na ni kweli. Sisi twamchoma mtu wa rangi yetu, wa lugha yetu, na pengine tulimwona akizaliwa.

Kuhusu zile picha, nina neno na vijana. Siku hizi hakuna auawaye Dar es Salaam bila kupigwa picha kwa simu. Kijana hatupi jiwe. Asema mikono yake ni safi. Ainua simu juu ya vichwa vya watu, na kabla ya usiku picha imefika Mbagala, Mwanza na Muscat. Msomaji anayeijua habari ya Stefano katika kitabu cha Matendo na akumbuke yule kijana aliyeketi na nguo za wapigao miguuni pake. Hakutupa hata kokoto. Wenye kutupa walihitaji mtu wa kuwashikia nguo ili mikono yao iwe myepesi, naye akashika. Alipokuja kugeuka, hakujitetea kamwe kwa kusema kwamba alikuwa anatazama tu. Alijihesabu miongoni mwa wauaji. Ashikaye simu leo awafanyia wenye mawe kazi ile ile, naye awapa na watazamaji juu yake.

Hapa Kunduchi tunayo makaburi ya kale, yenye nguzo ndefu za mawe zilizopambwa kwa sahani na bakuli za China. Wageni huja kuyatazama. Wenyeji wa zamani walijenga kwa gharama kubwa ili jina la aliyekufa lisipotee. Sasa aliyechomwa Mtongani huchukuliwa na gari usiku, akiwa hana sura, na asipopatikana ndugu wa kumtambua huzikwa na Manispaa kama mtu asiyejulikana. Mama yake, huko alikotoka, hupiga simu yake iliyozimwa. Nimewahi kufikiri ya kuwa mama huyo angalau alikuwa na haki ya barua, kama yule mke wa kijana wa Nevada. Ila sisi hatumpi mtu hata muda wa kutaja kijiji chake.

Na waliofanya hupata nini? Hili watu hawalisemi, nami nimelikuta kwa kukaa na watu. Yuko fundi mmoja, sitamtaja, aliyekuwa hodari wa kukimbilia kelele. Sasa ana watoto wakubwa. Mwanawe wa pili ameanza kuiba vitu vidogo vidogo nyumbani. Baba huyo halali. Kila asikiapo kelele barabarani usiku hutoka mbio bila viatu, wala si kwenda kupiga. Aliniambia hayo bila mimi kumwuliza, akanyamaza, akaenda zake.

Basi nataka nini? Sitaki mkutano mwingine wa maonyo, wala bango jingine la rangi nyekundu. Nataka mambo matatu, nayo hayana gharama. La kwanza, kila mtaa uwe na mahali panapojulikana pa kumpeleka aliyekamatwa, kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na watu wa ulinzi shirikishi wawajibike kumfikisha hapo akiwa mzima, hata akiwa amekamatwa na kuku chini ya kwapa. La pili, aliyepiga kelele ya kwanza aandikwe jina na alichoibiwa, pale pale, kabla mtu hajaguswa. Nadhani kelele nyingi zitapungua kwa hilo peke yake, maana twajua ya kuwa mdai, na mwenye wivu wa mke, na mwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, wote wamekwisha kujifunza kwamba neno "mwizi" huua bila gharama. La tatu ndilo gumu. Mtu akiuawa mtaani, mjumbe wa mahali pale aulizwe mbele ya watu ni nani waliokuwapo, nasi tuliokuwapo tutaje majina, tukianza na yetu wenyewe.

Mkutano wa mtaa wetu ukiitishwa nitayaleta haya. Nimekwisha kuambiwa kwamba la tatu halitakubaliwa, kwa kuwa litaleta chuki kati ya majirani. Nitaomba kura ipigwe kwa kusogea, wanaokubali upande wa mwembe, wanaokataa upande wa barabara, ili tuonane.